Sihiri Ipigayo Wengi Yataka Subira Zaidi

Neno sihiri si jepesi masikioni mwa watu wa pwani. Tumefunzwa tangu tulipokuwa chuoni kujiepusha nalo, na mzee asikiapo kijana wa nyumbani kwake akitaja moto, barafu na mazimwi hadi usiku wa manane ana haki ya kuuliza kuna nini. Basi juma hili nataka kueleza sihiri ambayo haina jini wala hirizi, haina kafara wala ubani. Ni sihiri ya mchezo wa kompyuta, iliyotungwa kwa hesabu tupu, nayo vijana wetu huicheza mtandaoni pamoja na wenzao walio nchi za mbali ambao huenda wasionane nao uso kwa uso maishani.

Mchezo wenyewe waitwa World of Warcraft, na ulitolewa na kampuni ya Blizzard ya California mwezi wa Novemba 2004. Mwezi wa Agosti 2019 kampuni hiyo ilifungua upya toleo la kale kwa ajili ya wale walioupenda mchezo ulivyokuwa hapo mwanzo, na hilo ndilo alichezalo mpwa wangu. Nimekaa nyuma ya kiti chake siku nyingi nikitazama. Nimeona kwamba sihiri za kumpiga adui mmoja hujifunzwa kwa siku mbili tatu. Lakini zile zipigazo eneo zima, zisimchague wa kumpata wala wa kumwacha, hizo ndizo zimtengazo mchezaji hodari na mchezaji hatari. Na kinachowatenga, msomaji mpenzi, si nguvu. Ni subira, na desturi ya kuwatazama wenzio kabla ya kutenda.

MIZINGA ILIYOGEUKA SIHIRI

Asili ya jambo hili ni michezo ya vita ya mezani, ile ya askari wadogo wa bati. Mwaka 1971 palitoka Marekani kitabu cha kanuni za michezo hiyo kiitwacho Chainmail, na mwishoni mwake mlikuwa na nyongeza ya mambo ya hekaya: mazimwi, majoka na wenye sihiri. Watungaji walipotaka kujua mpira wa moto wa msihiri uue watu wangapi, hawakwenda mbali. Waliuchukulia kama jiwe la manjaniki, na radi wakaifanya kama kombora la mzinga mkubwa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza sihiri ya eneo ilikuwa ni mzinga uliovishwa kanzu.

Mwaka 1974 Gary Gygax, mmoja wa watungaji hao, pamoja na Dave Arneson, walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao ndio mama wa michezo yote ya namna hii. Katika kanuni zake zilizochapishwa mwaka 1978, mpira wa moto ulipewa ujazo wa futi za ujazo 33,000 hivi, nao ulikuwa hauna budi kuujaza ujazo huo. Ukiutupa uwanjani, moto hutawanyika ukaisha. Ukiutupa katika ujia mwembamba wa pango, moto hukosa pa kwenda, hufuata ujia mbele na nyuma, na hatimaye humrudia yule yule aliyeutupa pamoja na wenzake walio mgongoni mwake. Vijana wengi wa Marekani waliteketeza makundi yao kwa njia hiyo, na katika majivu hayo wakajifunza somo la kwanza: kabla ya kumpima adui, pima mahali.

KIMIA NA MSHIPI

Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa sana. Mwenye mshipi huvua samaki mmoja mmoja. Mwenye kimia huvua kundi, lakini hakitupi kimia chake kwa sababu ameona samaki mmoja anang'ara majini. Husimama maji ya magoti, akangoja wakusanyike. Akitupa mapema, wale wawili atakaowapata hawalipi taabu ya kukikunja kimia tena, na wale waliosalia wameshakimbia.

Sihiri ya eneo ndiyo kimia. Hugharimu nguvu nyingi, na pigo lake kwa kila mmoja huwa dogo kuliko pigo la sihiri ya mshipi. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme sihiri ya mmoja hutoa pigo la 100, na sihiri ya eneo hutoa 40 kwa kila aliyemo. Adui wakiwa wawili, eneo latoa 80, nawe umepata hasara. Wakiwa watatu latoa 120. Wengi hufika hapo wakafunga daftari: watatu basi, mwaga moto!

Lakini hesabu haijakwisha, maana adui naye huuma. Tuseme kila mmoja ana uhai wa 300, na kila aliye hai hukuuma mara moja kwa kila pigo utoalo. Ukiwapiga watatu mmoja mmoja, wa kwanza hufa kwa pigo la tatu, wa pili kwa la sita, wa mwisho kwa la tisa. Jumla umeumwa mara 18. Ukiwapiga kwa eneo, wote hufa pamoja kwa pigo la nane. Umemaliza mapema kidogo, walakini wote watatu walikuwa hai muda wote, na umeumwa mara 24. Adui aliyejeruhiwa nusu bado ana meno yake yote. Wakiwa watano mambo hugeuka: mmoja mmoja wataka mapigo 15 na kuumwa mara 45, kwa eneo mapigo ni nane yale yale, na kuumwa ni mara 40. Hapo ndipo kimia kinapolipa pande zote mbili. Tarakimu hizo nimezitunga mwenyewe, lakini njia ya kuwaza ndiyo hiyo, na mchezaji mzuri huifanya kichwani kwa muda wa kupepesa jicho.

NAMNA YA KUWAKUSANYA

Sihiri hizi zina maumbo. Ziko zilipukazo kwa duara pande zote za mwenyewe, na hizo humtaka aingie katikati ya maadui. Ziko zitokazo mbele yake kwa umbo la pia, nyembamba mkononi na pana mwishoni. Hizo humtaka arudi nyuma kidogo, ageuke, wote wawe upande mmoja. Na ziko zinyeshazo juu ya kipande cha ardhi akichaguacho mwenyewe kwa mbali, kama ile tufani ya barafu ambayo jina lake ni Blizzard, sawa na jina la kampuni. Tufani hiyo hunyesha sekunde nane, na msihiri akisogea hatua moja hukatika.

Aghalabu mpwa wangu hucheza peke yake kutafuta dhahabu, na hapo nilipata kuuona ufundi wenyewe. Hupanda farasi wake akapita karibu na mazimwi kumi au zaidi, yakamfuata kwa ghadhabu. Hushuka, akayaacha yamzingire, kisha akatoa sihiri ya Frost Nova ambayo huigandisha miguu yao ardhini hadi sekunde nane. Papo hapo huruka mbele kwa sihiri nyingine, akageuka, akainyesha tufani. Kwa kuwa amejifunza kuitia tufani yake uzito wa kupunguza mwendo, hata yale yaliyojinasua hutembea kama mtu aliye ndani ya matope. Yakikaribia, huyagandisha tena. Kumi huanguka kwa wakati mmoja, bila hata moja kumgusa.

Ukimwona utadhani ni rahisi. Kazi yote ilifanyika kabla ya tone la kwanza la barafu. Aliyachagua mazimwi yenye kupiga kwa mkono, akayaepuka yenye kurusha mishale, maana hayo husimama mbali na hayakusanyiki. Pasipokuwa na budi ya kuyachukua, hujificha nyuma ya ukuta. Mwenye mshale asipokuona hulazimika kukufuata, akaja mwenyewe kujiunga na wenziwe kwenye pembe. Aliyaepuka pia yale ambayo barafu haiyadhuru. Kisha haitupi tufani pale mazimwi yalipo, huitupa pale yatakapokuwa. Hilo ni muhimu zaidi kwa mchezaji wa huku kwetu. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na habari husafiri kwa kasi ya ajabu, lakini seva atumiayo iko Ulaya, na amri yake hufika imechelewa sehemu ndogo ya sekunde. Anayelenga mahali adui alipo hupiga mchanga mtupu.

UKIWA NA WENZIO

Hayo ni ya mtu peke yake, ambaye akikosea hufa yeye tu. Mambo huwa mazito anapoingia pangoni na wenzake. Kundi dogo lina watu watano: mmoja mbeba ngao, ambaye kazi yake ni kupigwa, mmoja tabibu, ambaye humtibu, na watatu washambuliaji.

Kila zimwi lina daftari la hasira. Humo huandika nani amemuudhi na kwa kiasi gani, na humvamia aliyeandikwa zaidi. Mbeba ngao hufanya kila hila jina lake liwe juu. Mshambuliaji aliye karibu akimpita kwa kiasi cha kufikia asilimia 110 ya hasira yake, zimwi humgeukia. Aliye mbali hugeukiwa akifikia asilimia 130. Kwa adui mmoja ni rahisi kulichunga jambo hili. Lakini sihiri ya eneo huandika katika madaftari yote kwa pamoja. Yakija mazimwi manane, na mbeba ngao amewahi kuyapiga matatu, madaftari ya yale matano ni meupe. Tone moja la barafu, na jina la msihiri ndilo la kwanza kuandikwa. Msihiri havai chuma, huvaa kanzu ya kitambaa. Atakufa, na yale matano yatakwenda kwa tabibu, kwa kuwa kutibu nako huandikwa katika madaftari yote. Tabibu akifa, aliyebaki ahesabu dakika zake.

Kwa hiyo desturi ya makundi mazuri ni kumwacha mbeba ngao ayaguse yote, ayasimamishe, na msihiri angoje. Sekunde tatu, nne, tano. Kwa kijana mwenye mpira wa moto mkononi, sekunde tano ni ndefu kama mchana wa mfungo.

Tena kuna kondoo. Msihiri anayo sihiri iitwayo Polymorph ya kumgeuza adui mmoja kondoo, akazurura akila majani bila kumdhuru mtu, hadi sekunde 50 kwa mwenye daraja la juu. Lakini kondoo yule akiguswa kwa pigo lolote hurudi kuwa zimwi, tena kwa uhai kamili, maana ukondoo humponya. Mwenzako amemfunga adui aliyekuwa hatari kuliko wote. Wewe, kwa uroho wa kupiga wengi, unainyesha tufani ikamgusa ukwato. Hapo hukushindwa na adui, umemfungulia. Ndiyo maana makundi yenye busara humfunga kondoo mbali, na mbeba ngao akayavuta mengine kando kabla ya moto kuanza.

MATUKIO MAWILI YA 2005

Mwezi wa Mei 2005 ilitoka filamu fupi ya wachezaji wa mchezo huu ambayo ilienea dunia nzima. Kundi limesimama nje ya chumba kilichojaa mayai ya majoka, likipanga kwa makini. Mkuu wao aeleza namna ya kuwatawanya vitoto vya joka kwa ukelele wa kutisha, na namna wenye sihiri watakavyowekewa kinga ili wapige eneo. Mwenzao mmoja akokotoa nafasi ya kupona, akapata asilimia 32 na ushei. Wakati huo yule aitwaye Leeroy Jenkins hakuwapo kwenye kompyuta yake. Akarudi, hakusikia lolote, akalitaja jina lake kwa sauti kuu na kukimbilia ndani. Wote wakamfuata, wote wakafa.

Watu walimcheka Leeroy, na wenyewe baadaye walikiri kwamba ilikuwa ni maigizo. Lakini wachezaji wazoefu walicheka kwa sababu nyingine: mpango wenyewe ulikuwa mbovu kumshinda Leeroy. Kuwatisha vitoto vya joka wakatawanyika ni kuwapeleka mbio mbio kwenye mayai mengine, na ni kukifumua kimia kabla ya kukitupa. Na ile kinga waliyotaka kuwapa wenye sihiri humfunga apewaye asiweze kutenda lolote. Hesabu ya asilimia ilikuwa nzuri. Mahali na watu havikuwa vimetazamwa.

Tukio la pili halikuwa maigizo. Mwezi wa Septemba 2005 kampuni ilifungua mahali papya, Zul'Gurub, penye adui mkuu aitwaye Hakkar. Adui huyo alikuwa na sihiri ya damu mbovu, ambayo humpata mtu mmoja kisha ikamrukia kila aliye karibu naye. Ilikusudiwa ibaki mle mle. Lakini wachezaji wengine wana wanyama wa kufuga, na mnyama aliyefichwa akiwa mgonjwa alitolewa tena mjini akiwa mgonjwa vile vile. Sokoni walikuwamo wauzaji na walinzi wa mchezo wenyewe, ambao walishika maradhi bila ya kufa na kuyagawa kwa kila mpita njia. Wachezaji wachanga waliokuja kununua mkate tu walianguka papo hapo, na barabara za miji zikajaa mifupa. Kampuni ilijaribu kuwatenga wagonjwa, haikufaulu, na mwisho ikalazimika kuzima seva na kuzirekebisha. Mwaka 2007 wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza, Eric Lofgren na Nina Fefferman, waliliandika tukio hilo katika jarida la The Lancet Infectious Diseases, na ulipokuja ugonjwa wa Korona mwaka 2020 watu walilikumbuka tena. Hata watungaji wa sihiri waliweza kusahau kuuliza: eneo hili mwisho wake ni wapi?

JEDWALI LA MAJIVUNO

Liko jambo moja ambalo halimo katika kanuni, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wachezaji wana programu ndogo ambayo huonyesha kwenye skrini jedwali la nani ametoa pigo kiasi gani. Ni chombo chema, maana humwonyesha mtu kasoro yake. Lakini sihiri ya eneo hulivimbisha jedwali. Anayepiga vidogo ishirini visivyo na maana huonekana shujaa kuliko aliyemshughulikia yule mmoja aliyekuwa akimmaliza tabibu.

Mpwa wangu alikuwa katika kundi la watu 40, kama ilivyo desturi ya toleo la kale kwa vita vikubwa. Watu hao walikuwa na kazi zao na watoto wao, na walipanga usiku mbili kwa juma wakutane. Mmoja wao, msihiri hodari, hakukosa kuwa juu ya jedwali. Usiku baada ya usiku walikaribia kumshinda adui mkuu, na kila mara wakaanguka mwishoni, kwa kuwa yule bwana aliendelea kunyesha tufani juu ya vijizimwi vilivyokuwa vife venyewe, au alianza kabla ya ngao kushika, matabibu wakafa. Kuanguka kwa watu 40 ni kurudi mwanzo, kila mmoja afufuke, atembee, ajitayarishe. Robo saa ya kila mtu imekwenda. Walipomwambia kwa upole, aliwaonyesha jedwali. Walipomwambia kwa ukali, akaondoka na marafiki zake sita. Waliosalia hawakutosha, na kundi lililokuwa limekaa pamoja mwaka mzima likavunjika.

Nilimwuliza mpwa wangu kama yule bwana alikuwa akidanganya. "La, mjomba," alisema, "hesabu zake zilikuwa za kweli. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyenufaika nazo."

Katika toleo jipya la mwaka 2020, liitwalo Shadowlands, kampuni iliziwekea sihiri nyingi za eneo kikomo cha idadi ya maadui. Kikomo hicho hupunguza pigo. Hakiwezi kumfunza mtu kungoja wenzake.

Basi kwa kijana apendaye mchezo huu, nimeyakusanya niliyoyaona. Hesabu adui kabla ya kuchagua sihiri. Wakiwa wachache, shika mshipi. Yajue maumbo ya sihiri zako na ukubwa wa mahali uliposimama. Waache wakusanyike. Mngoje mbeba ngao amguse kila mmoja. Mtafute kondoo alipo. Lenga pale watakapokuwa. Ukiona hasira imekugeukia, acha kupiga, mkimbilie mwenye ngao badala ya kukimbilia mbali naye. Na mwisho wa vita, kabla hujalitazama jedwali, tazama ni wangapi waliosimama.

Nami kwa kuwa ni mtu wa mashairi, naaga kwa ubeti:

Subira nakuusia, samaki wakusanyike,
Pande zote tazamia, mwenzio asidhurike,
Ndipo wavu kutupia, mahali pake ufike,
Mwenye pupa huumia, wenzake wasiokoke.